Mbavu za Farasi wa Papa

Papa, baba yangu, alipima afya ya mnyama kwa tumbo. Tangu ujana wake alichunga ng'ombe wa shamba kubwa lililo juu ya Kingi, na kila jioni waliporudi alisimama mlangoni pa zizi na kuwatazama ubavu wa kushoto, mmoja baada ya mwingine. Ubavu ukiwa umejaa, ng'ombe ameshiba na asubuhi maziwa yatakuwepo. Ukiwa na shimo, basi mchungaji wa siku ile alilala kivulini, na angeeleza ukweli wake mbele ya wote. "Tumbo haidanganyi mutu," alikuwa akisema, nasi watoto tulikua tukiamini hivyo kama tulivyoamini sala ya Baba Yetu.

Ndiyo maana makosa yetu juu ya farasi yalikuwa makosa ya watu wa ng'ombe. Mtu asiyejua mnyama yeyote asingeyafanya.

Farasi huyo alikuwa jike, rangi ya udongo mwekundu, na doa jeupe kwenye paji la uso. Mwenye shamba alipoamua kuondoka alimpa Papa kama shukrani ya kazi ya miaka mingi. Majirani walimcheka. Walisema angeomba ng'ombe, maana farasi hakamuliwi wala haliwi. Lakini Papa alijua alichokuwa akifanya. Mwaka mmoja kabla ya hapo fahali alikuwa amembana kwenye nguzo za zizi na kumvunja nyonga, na tangu siku ile aliweza kutembea na fimbo kutoka kitandani hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi chooni, basi. Akiwa juu ya farasi alikuwa mtu mzima tena. Alienda misa, alienda soko, alienda kuona maharage yake upande wa pili wa kilima, na hakukosa kilio cha mtu hata kimoja.

Kwetu Masisi mtu asiyeweza kutembea hubebwa kwa kipoyi, kile kitanda cha miti na kamba ambacho wanaume wanne huweka mabegani. Mgonjwa anapanda kipoyi, mama mwenye uchungu wa kuzaa anapanda kipoyi, na maiti pia. Papa alipovunjika nyonga alibebwa hivyo hadi hospitali, amelala chali akitazama mawingu, na njia nzima alisikia majembe yakinyamaza mashambani kwa sababu watu walikuwa wamesimama kumwonea huruma. Huruma ile ilimuuma kuliko mfupa. Alirudi ameapa: "Kipoyi sitapanda tena nikiwa na macho wazi. Mutanipandisha siku nitakuwa nimeyafunga."

Sasa farasi alikuwa anazeeka. Meno yake yalikuwa yamerefuka, na kwenye mteremko wa mtoni alianza kujifikiria mara mbili. Farasi mwingine wa kununua hakuonekana popote, maana ni wachache sana waliobaki katika milima yetu. Papa alielewa vizuri kwamba farasi akifa bila mtoto, yeye atabaki mtu wa kiti na ukuta. Kwenye shamba jirani, ng'ambo ya bonde, kulikuwa bado na dume moja. Mwenye dume alikubali. Papa akampeleka jike wake, akamwacha huko siku chache, akamrudisha, akaanza kuhesabu miezi kwenye ukuta wa jikoni kwa mkaa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa Ntoto, upande wa Walikale, na mkulima ambaye pia ni mwindaji. Ni mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka kwetu, ukishuka kutoka baridi na majani hadi joto na miti. Baba yangu hakuwa na neno baya juu ya mume wangu, ila hakuwa na neno lolote. Kwetu mkwe huheshimu: hasemi mpaka aulizwe, hamkodolei macho baba mkwe, na hali naye sahani moja. Papa alishika desturi hiyo kwa mikono miwili, kwani ilimpa sababu ya kutozungumza na mtu wa msituni.

Mwezi wa nane wa hesabu ya mkaa alituma habari kwamba tumbo la farasi limekuwa kubwa sana na kwamba Jumapili fulani atatoa shukrani kanisani. Tukaenda. Tulimkuta farasi amefungwa nyuma ya nyumba, na kweli tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma. Papa alilipigapiga na kucheka peke yake. Mume wangu alimzunguka farasi kimya, akasimama nyuma yake, akamwangalia matakoni na mgongoni. Usiku tulipokuwa peke yetu aliniambia taratibu juu ya mnyama yule.

"Ile nyama iko na njaa."

"We unajua nini ya farasi?" nikamjibu. "Kwenu munajua nguruwe ya pori tu."

"Njo nguruwe ya pori ilinifundisha. Nyama ya tumbo kubwa na matako ya kukonda, ile inashiba majani ya bure. Ukiiua, haina mafuta hata ya kupaka kisu. Na ndani haina mutoto."

"Basi mwambie Papa."

"Mi mukwe, niseme ile? Sema we. We njo mutoto yake."

Nilimwambia nitasema kesho. Sikusema. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimhurumia Papa na furaha yake, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na kiburi cha watu wa milimani. Sisi tulizaliwa kati ya mikia ya ng'ombe. Mtu kutoka Ntoto, ambako ng'ombe akipita watoto wanatoka nje kumshangaa, aje atufundishe mimba ya mnyama? Niliona haya kwa ajili yake, na nikajifanya nimesahau.

Jumapili Papa aliingia uwanja wa kanisa juu ya farasi huyo huyo. Baada ya komunyo katekista akatangaza kwamba mzee wetu na mama wa nyumba yake wanamshukuru Mungu kwa mtoto atakayezaliwa kwao mwezi ujao, na bibi mmoja mgeni aliyekaa benchi la mbele akageuka kumtazama Mama, mvi zake zote, akapiga ishara ya msalaba. Tulicheza mpaka altareni na kikapu cha viazi, kabichi moja kubwa kama kichwa cha ndama, na jogoo. Mama alicheza kuliko wote. Nilipiga vigelegele nami, na sauti ya mume wangu ilikuwa sikioni mwangu muda wote.

Mwezi wa tisa ulipita. Papa alikuwa amehesabu kama ng'ombe, au kama binadamu, tisa. Padri akamwambia kwamba farasi hubeba kumi na moja, na Papa akafurahi kuongezewa muda. Kumi na moja ikapita. Ya kumi na mbili ikapita. Tumbo liko palepale. Vijana wa kilima wakaanza kumuuliza njiani, kwa heshima zote: "Papa, ile farasi inangojea Krismasi?" Wanawake sokoni wakasema jogoo wa shukrani ameliwa bure. Kwetu mtu haombi kurudishiwa sadaka, lakini pia si kawaida kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho hajatoa, na Papa alilijua hilo. Alipunguza kwenda soko.

Nilikuwa nimerudi Kingi kwa sababu goti la Mama lilikuwa limevimba, na ndiyo maana nilikuwepo siku veterineri, daktari wa mifugo, alipokuja. Alikuwa mwanamke mnene kidogo mwenye buti za mpira na pikipiki iliyopakwa matope mpaka kwenye kioo. Alikuja kuchanja ng'ombe wa kilima kizima. Papa alimngoja amalize, akamwomba kwa sauti ya chini amwangalie farasi. Yule mama akavaa glavu ndefu inayofika begani, akaingiza mkono, akatulia akitazama mlima kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Kisha akautoa.

"Papa, humu hamuna mutoto."

"Alitoka?"

"Hakuingia."

"Na ile tumbo?"

"Ile ni majani, Papa. Majani mingi ya nguvu kidogo."

Papa alisema kwamba ubavu umejaa, kila mtu anaona. Veterineri hakubishana naye. Alimshika mkono, akaupeleka kwenye ubavu wa farasi nyuma ya bega, akamfanya auzamishe chini ya manyoya. Huku kwetu juu ni baridi, na farasi wetu alikuwa ameota manyoya marefu kama mbuzi. Macho hayakuweza kupita hapo. Niliona uso wa Papa ukibadilika. Aliutoa mkono haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, halafu akaurudisha polepole, akahesabu mbavu moja moja mpaka mwisho.

"Na mi nilikuwa nakaa juu ya huyu kila siku," akasema.

Veterineri alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akatufundisha kitu ambacho sijakisahau. Alikunja ngumi, akamwambia Papa apitishe vidole juu ya vifundo vyake. "Mbavu ikikuwa hivi, ni mwembamba sana. Hawezi kupata mimba, ao anaipata na inapotea." Akafungua mkono, akamwambia apapase mgongo wa mkono, pale mifupa inapopatikana bila kuitafuta sana. "Hapa njo pazuri." Kisha akaugeuza, akampa kiganja. "Na hapa mafuta imepita. Ile nayo ni shida." Alisema mwili wa jike ni kama mama mwenye nyumba: ghala likipungua hafungui mlango kwa wageni, hata kama mgeni amebisha hodi vizuri. Dume halikuwa na kosa. Laana haikuwepo. Farasi alikuwa anambeba Papa, anabeba viazi vya Mama kwenda soko, analala kwenye kamba fupi palipobaki majani ya kukanyagwa, na tumboni mwake kulikuwa na minyoo juu ya yote.

"Kumbe hakuna mutu angejua," Papa akasema, na nilisikia kwamba alitaka kufarijiwa.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza kama nilikuwa na akili. Lakini mimi ni mtoto wa tatu wa kuzaliwa na wa kwanza kwa mdomo. Nikamwambia kwamba mume wangu alijua, kwamba aliniambia kabla ya ile misa, na kwamba mimi ndiye niliyeficha. Papa alimgeukia farasi, akauliza, "Alijua kwa kuangalia nini?" Nikasema, kwa matako na mgongo, kwa sababu ya nguruwe wa porini. Mama akacheka jikoni, akakohoa ili kuficha. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nyumbani kwetu aliyekuwa na guu bovu ni mkuu mwenyewe, na walioziba masikio tulikuwa sisi wote.

Veterineri aliacha dawa ya minyoo na masharti. Farasi apumzike kabisa. Ale vizuri, pumba, majani ya viazi vitamu, karoti zilizopasuka ambazo soko halitaki, chumvi, na mafuta kidogo kwenye pumba kama yanapatikana. Arudishwe kwa dume tu wakati mwili unapanda, mbavu zikifika mgongo wa mkono. Na kulikuwa na haraka, kwa sababu mwenye dume alikuwa ametangaza kwamba baada ya mavuno ya maharage atalihamishia dume mbali. Tulikuwa na miezi sita hivi.

"Yaani nishuke?" Papa akauliza.

"Ushuke, Papa. Na viazi ya Mama ishuke pia."

Papa alishuka. Sina neno lingine la kuelezea jambo hilo, ingawa kwa mtu mwenye miguu linaonekana dogo. Kiti chake kiliwekwa chini ya paa la nyuma, akakaa hapo. Misa zilipita bila yeye, na padri akamletea komunyo nyumbani kama kwa wagonjwa. Katika mwezi wa tatu wa kukaa hivyo, rafiki yake waliyechunga pamoja tangu ujana alifariki ng'ambo ya bonde. Vijana wanne walikuja na kipoyi bila kuitwa. Papa aliwashukuru, akawapa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, akawarudisha. Siku ya mazishi upepo ulileta nyimbo mpaka uani kwetu, naye alikaa ameshika fimbo kwa mikono miwili, akaimba sehemu yake kutoka kwenye kiti. Nilimkasirikia sana siku ile. Nilimwambia kwamba angebebwa tu, nani angemcheka? Aliniambia kwamba hakuna ambaye angecheka, na kwamba hilo ndilo tatizo.

Mafuta yalitoka Ntoto. Huku juu mawese ni ya kununua kwa kijiko, kule chini yanakamuliwa nyuma ya nyumba, na mchele unalimwa, kwa hiyo pumba zake hazina shida. Mimi nilibaki Kingi kwa ajili ya farasi na goti la Mama, nikamtumia mume wangu habari. Alifika baada ya wiki akiwa na bidoni, dumu zima la mawese, na gunia la pumba, vyote mgongoni, kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso kama wanavyobeba kwao. Siku mbili za matope, madaraja ya magogo, na milima yetu ambayo haimwonei huruma mtu wa bondeni. Alitua mzigo mlangoni, akaamkia macho chini, akala peke yake upande wa jikoni, akalala, akarudi. Mwezi uliofuata alifika tena. Na uliofuata. Hata kwenda Itebero kwa jamaa zake, safari aliyokuwa ameipanga siku nyingi, aliiacha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji wetu hakuwa tayari kulisema. Papa aliniuliza tu, "Mafuta imefika?" kana kwamba bidoni ilikuwa na miguu yake.

Kila asubuhi nilimleta farasi mpaka kwenye kiti. Papa alizamisha mkono chini ya manyoya, akafumba macho, akapapasa mbavu, kisha akapapasa mkono wake mwenyewe ili kulinganisha. Ngumi. Ngumi. Ngumi bado. Wiki zikapita. Siku moja akasema, "Ngumi inaanza kulegea," na Mama akatoka jikoni na goti lake bovu kuja kugusa pia. Mchezo huo ukamwingia damuni. Akapima mbuzi, akapima paka, akapima mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto. Mimi alinishika mbavu nikiwa nimebeba maji, akasema, "We, mugongo ya mukono. Muzuri." Mama alimwambia kwamba yeye akiguswa, atajibu kwa mwiko.

Mama ndiye aliyekaribia kutuponza mwishoni. Alipoona farasi anang'aa, mkono wake ukawa mwepesi: pumba juu ya pumba, na masimbi ya kasiksi, yale makapi yanayobaki pombe ikichujwa, kutoka kwa jirani. Kwake mapenzi ni sahani iliyojaa. Veterineri alipopita kuangalia, akapapasa juu ya shingo ya farasi na kukunja uso. Akamwambia Mama kwamba tunaelekea kiganjani, na akisukuma zaidi tutapoteza tulichotafuta. Mama aliudhika siku mbili nzima. Alisema hajawahi kusikia mtu akikaripiwa kwa kushibisha.

Maharage yalikuwa yameanza kukauka mashambani nilipompeleka farasi ng'ambo ya bonde. Nilimwongoza kwa miguu, bila kitu mgongoni. Nilingoja siku tano kwa watu wa shamba lile, nikarudi naye, na wiki mbili baadaye dume likaondoka kweli. Nafasi ilikuwa hiyo moja. Papa hakuandika mkaa ukutani. Alitukataza hata kulitaja. Mwezi na zaidi ulipopita veterineri alikuja na glavu yake ndefu, akautazama tena mlima muda ule ule, na safari hii alitabasamu kabla ya kuutoa mkono.

"Kuko mutu, Papa."

Akamwambia kwamba sasa anaweza kumpanda taratibu, njia tambarare, miezi ya kwanza haina neno. Nilikuwa tayari nimeinuka kuchukua tandiko. Papa akatikisa kichwa. "Nimeshazoea kiti," akasema. Alikuwa hajazoea. Tulijua hajazoea. Akakaa miezi yote kumi na moja.

Mtoto alizaliwa alfajiri, wakati ukungu unaanza kupanda kutoka mtoni. Jike, miguu mirefu kuliko akili, doa jeupe la mama yake kwenye paji. Alianguka mara tatu, akasimama ya nne, akatafuta ziwa upande usio wake. Papa alikuwa ametoka kitandani na fimbo mpaka kwenye uzio, akashika mti wa uzio, na akalia. Hakujificha wala hakugeuka. Mimi pia nililia, na nilikuwa na furaha kubwa sana, ile ambayo mtu anaogopa kuisogeza isimwagike.

Kisha likaja jambo la shukrani. Ilikuwa lazima kurudi kanisani, tena na deni la aibu juu. Lakini veterineri alikuwa ameonya kwamba jike anayenyonyesha hukonda upesi kuliko wakati wowote, na kwamba tusirudishe mzigo mgongoni mwake mapema. Papa alikaa na neno hilo siku mbili. Mume wangu alikuwa amefika jana yake na bidoni nyingine, na alikuwa upande wa jikoni anakula. Papa akaniambia, "Niitie mukwe."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Mume wangu alikuja, akapiga magoti kidogo, macho kwenye vidole vyake vya miguu.

"Mukwe, kwenu kule munajua kutengeneza kipoyi ya kukaa?"

"Ndiyo, Papa."

"Si ya kulala. Ya kukaa, niangalie mbele."

"Ndiyo, Papa. Itakuwa ya kukaa."

Alikata mianzi miwili, akafunga kiti chenyewe cha Papa katikati, kile alichokalia miezi yote ile, akaweka mti mdogo wa kukanyagia miguu. Jumapili asubuhi wanaume wanne wakaingia chini ya mianzi, mume wangu akiwa mbele kulia. Papa akapanda akiwa na kofia yake ya misa na macho wazi kabisa. Farasi na mtoto wake walifuata nyuma, nikiwaongoza kwa mkono mmoja, na mkono mwingine umeshika kikapu. Mashambani hakukuwa na majembe kwa kuwa ilikuwa siku ya Bwana, lakini watu walitoka milangoni. Walimwona Papa, wakamwona mtoto wa farasi, na mama mmoja akapiga kigelegele. Papa akainua kofia.

Kwenye kilima cha mwisho kabla ya kanisa wabebaji walipunguza mwendo. Jasho lilikuwa limelowesha shati la mume wangu likamshika mgongoni. Nikamwona Papa akiinama mbele kutoka kwenye kiti. Akanyoosha mkono, akauweka kwenye ubavu wa mkwe wake, nyuma ya bega, pale pale. Mume wangu alishtuka lakini hakugeuka, kwa sababu ya heshima na kwa sababu ya mzigo. Papa alifumba macho, akapapasa mbavu moja moja mpaka mwisho, kwa utulivu ule wa kila asubuhi.

Kisha akanigeukia, akakunja ngumi, akaniinulia niione.

"Leo," akasema, "huyu anakula kwa sahani yangu."